Matundu pembeni ya tiyo ku ukuta wa inje: mvua, panya, baridi. Munazibaka na nini?

nyota_katindo (Goma)

Habari zenu wote. Naomba musaada wa watu wanaojua mambo ya nyumba. Tumehamia mu nyumba moja, chini ni mawe ya volkano na sima, juu ni mbao na manjanja (mabati), kawaida yetu ya hapa Goma. Shida iko ku ukuta wa nyuma, pale matiyo inatokea. Kuko tatu: ya maji inayoingia, ya evye ya jikoni (pale tunaoshea vyombo) inayotoka, na ile kubwa ya twalete. Masoni aliyejenga alivunja jiwe ili apitishe tiyo, na munajua jiwe letu, halivunjiki pale unapotaka, linatoka kipande kizima. Basi tiyo ni ya vidole viwili lakini tundu naingiza ngumi yangu yote.

Wale waliokaa mbele yetu walisukuma mu tundu vitambala na gunia. Mvua ikipiga upande wa ziwa gunia inakunywa maji, ukuta ndani unakuwa mweusi, krepi (ile sima ya kupaka ukuta) inaanguka. Usiku baridi inapita pale pale chini ya evye, na panya wamefanya ni barabara yao. Mume wangu anasema tuchanganye sima tufunge tu. Jirani anasema sima itapasuka. Mama mukwe anasema tusizibe kabisa, hewa ipite juu ya makala. Sasa nimsikilize nani?

viye_birere (Goma)

Mwanangu, sikiliza mume wako. Muchanga, sima, maji, vijiwe, unajaza, maneno yanaisha. Nyumba za wazungu wa zamani pale mujini zilizibwa na sima na ziko mpaka leo. Vijana wa sasa wanapenda kununua vitu vya kopo.

fundi_mawe (Goma, Keshero)

Mama Nyota, mbele ya kuziba nikuulize: ile tiyo ni ya nini, ya chuma ao ya plastiki? Maana pale ndipo watu wengi wanakosana bure. Muzee Viye anasema kweli juu ya nyumba za zamani, lakini matiyo ya wakati ule ilikuwa chuma. Chuma na sima zinavimba karibu sawa jua likipiga, na sima inakamata chuma vizuri. PVC, ile ya plastiki, haiko vile. Ni laini, sima haina fasi ya kushika, halafu inavimba na kujikunja mara nyingi kuliko sima. Piga hesabu: PVC ya metre moja, joto likipanda digrii 10, inaongezeka karibu milimita 0.7. Tiyo ya metre tatu iliyolala inje ku ukuta unaopigwa na jua, asubuhi digrii 15, saa nane muchana yenyewe imefika 45, imeshakuwa ndefu zaidi kwa milimita 6 hivi. Usiku inarudi. Kila siku inasukuma, inavuta. Ile sima uliyojaza inabakia pale pale, basi kati yao kunafunguka ufa mwembamba kama unywele, na maji hayahitaji zaidi ya pale.

Halafu usisahau tuko Goma. Kisha volkano kutapika tarehe 22 mwezi wa tano 2021 udongo ulitetemeka siku nyingi, nyumba ngapi zilipasuka? Mimi nilitengeneza matiyo mengi wakati ule, na nyingi zilikuwa zimevunjika pale pale zinapoingia mu ukuta, juu ya kukamatwa na sima pande zote bila nafasi ya kucheza. Ukuta ukienda kushoto na tiyo iko imefungwa mu ukuta, tiyo ndiyo inakatika. Na ikikatika ndani ya jiwe utajua tu kwa bili ya maji ao kwa ukuta kuloa.

Kwa hiyo sima ndiyo, lakini isiguse tiyo. Naelezea kesho nikiwa na umeme ya kutosha mu simu.

viye_birere

Milimita 6! Umepima na nini, fundi?

fundi_mawe

Muzee, ile ni hesabu ya plastiki yenyewe, haina mambo yangu. Lakini kama unataka kuona kwa macho, fanya alama na kalamu ku tiyo yako ya inje asubuhi pale inagusa ukuta, halafu rudi saa nane.

kivu_poa (Goma)

Mimi nitasema kitu kimoja tu: POVU YA KOPO. Unafinya, inavimba, inajaza tundu yote, dakika kumi umeshamaliza, unakata inayobakia na kisu. Nimefanya nyumba yote. Sima ya nini tena.

fundi_mawe

Haya nimerudi. Nianze na Kivu Poa ju watu wengi watamufuata.

Povu si mbaya, inajaza vizuri na inazuia baridi. Lakini uiache inje tupu, jua litaifanya ya njano, halafu ya rangi ya chai, halafu inasagika mu vidole kama mukate wa jana. Panya wanaitafuna bila shida. Inashika moto. Na maji, povu inazuia kidogo tu, haiko mastiki, ile gundi laini ya kuziba nyufa. Kwa hiyo povu ni ya kujaza katikati ya ukuta, ile tumbo ya tundu, halafu juu yake inje unafunika na kitu kingine. Kitu kingine watu hawajui: ile povu inakauka na maji, si na jua. Ukiifinya mu tundu kavu yenye vumbi itabakia laini katikati siku nyingi. Unanyunyiza maji kidogo mu tundu kwanza, unajaza nusu tu, inavimba yenyewe. Ukijaza yote inasukuma mbao, nimeona mbao imekunjama.

Sasa kwa ukuta wa mawe kama wa Mama Nyota, mimi ninafanyaka hivi. Toa zile gunia na vitambala vyote, hata kile kipande kidogo kilichobakia nyuma, ju kitaoza na kuvuta maji. Kwangua vumbi na burashi. Angalia kama tiyo ya evye na ya twalete inashuka kuelekea inje, weka nivo. Sentimetre moja ao mbili kwa metre inatosha. Kama inashukia ndani, hakuna mastiki ya dunia hii itakusaidia, maji ya mvua yatafuata tiyo mpaka chini ya evye. Hiyo ishughulikie mbele ya yote.

Halafu furo. Tafuta kipande cha tiyo kubwa kidogo kuliko ile yako, kirefu kama unene wa ukuta, na kizidi sentimetre moja upande wa inje. Kama tiyo iko tayari mu ukuta na hauwezi kuifungua, pasua furo kwa urefu na msumeno, ifungue, ivalishe tiyo, ifunge na waya. Furo nayo ni PVC, na nimesema sima haikamate PVC, basi kuna mayele yake: kwangua ngozi ya inje ya furo na papiye vere (karatasi ya kusugulia mbao), paka kole ya PVC, mwagia muchanga mukavu mbele kole haijakauka, uache ikauke. Sasa furo iko na ngozi ya muchanga na sima inaikamata kabisa. Jaza pembeni ya furo na vijiwe na sima, lowesha jiwe kwanza ju jiwe la volkano linakunywa maji ya sima na sima inabakia unga. Usifanye kwa mara moja kama tundu ni kubwa, jaza nusu, kesho malizia.

Kati ya furo na tiyo sasa, ile nafasi kama kidole, ndiyo fasi ya kitu kinachovutika. Usijaze yote na mastiki, ni kutupa pesa na itapasuka. Sukuma kwanza kamba ya sponji ndani, nene kuliko nafasi ili ishikwe, iende chini kidogo, halafu mastiki juu yake. Kina cha mastiki kiwe nusu ya upana wa nafasi: nafasi ya milimita 12, mastiki ya milimita 6. Mastiki inatakiwa kushika pande mbili, ku tiyo na ku furo, si ku sponji nyuma. Ikishikwa pande tatu haivutike, inapasuka katikati.

Maliza na kidole kilicholowa maji ya sabuni. Inje kwanza, ndani siku nyingine. Ukiziba ndani peke yake maji yanaingia mu ukuta na yanakosa pa kutokea, utaona krepi inavimba mbali na tiyo na utasema paa inavuja.

nyota_katindo

Fundi Mungu akubariki. Maswali: kamba ya sponji naipata wapi Goma? Na mastiki gani? Ku kenkayeri (duka za vitu vya ujenzi) wananionyesha silikoni tu, iko ya bei mbili tofauti.

fundi_mawe

Kamba yenyewe haipatikane kila fasi. Watu wanakata sponji ya matela, usifanye vile, ile inakunywa maji na kuyatunza. Kata sandale ya zamani, ile ya plastiki laini ya kuogea. Haikunywe maji na inafinywa. Mimi niko na gunia ya sandale za zamani mu depo, watoto wa parsele wananicheka.

Silikoni: fungua kifuniko, unusa. Ikinuka siki, ile ni ya kioo na ya kare za duchi. Ku sima inakamata miezi michache halafu inabanduka yote kama ngozi, na inakula chuma yenye zenki. Tafuta iliyoandikwa "netre", isiyonuka siki, ao bora zaidi mastiki ya poliyuretani ju inakamata sima, mbao, PVC, na unaweza kuipaka rangi. Silikoni hairuhusu rangi juu yake. Ndiyo maana ya bei mbili.

mwana_lshi (Lubumbashi)

Jambo ba Goma. Miye niko Lubumbashi, huku nyumba ni ya mabriki ya kuchoma, hatuna ile mawe yenu lakini shida ya panya tuko nayo mingi. Fundi amesema mambo ya maji, lakini panya hakusema. Panya mudogo anapita mu tundu ya milimita 6, ile ni unene wa kalamu. Panya mukubwa milimita 12. Kama kichwa inapita, mwili yote inapita. Na mastiki anatafuna, povu anatafuna, hata mbao anatafuna ju meno yake inakuaka kila siku, inabidi atafune kitu.

Huku wazee wanachanganyaka chupa za kuvunja mu sima, vipande vidogo vidogo, njo banaziba nayo. Panya akitafuna anakata mudomo. Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini plombie atakayekuja kisha wewe kufungua ile tiyo atakulaani wewe na ukoo wako.

Kitu ya pili, muchwa. Huku inapandaka kutoka mu udongo kufuata tiyo, inajenga barabara yake ya matope pembeni ya PVC mpaka mu plafo. Wakati ya baridi, mwezi wa sita na saba, unafikiri imekufa, kumbe iko ndani. Tundu pembeni ya tiyo ya chini ndiyo mulango yake ya kwanza. Acha kipande cha tiyo cha inje kionekane, usikifunike na udongo ao maua, ili uone ile barabara ikianza.

fundi_mawe

Mwana Lshi asante, kweli niliruka panya. Mimi badala ya chupa naweka grilaje, ile wavu wa chuma wa matundu madogo chini ya milimita 6, naikata kama pete, inazunguka tiyo, nainamisha mu sima ikiwa bado mbichi. Kama tundu limeshafungwa na huwezi kurudi, sukuma pamba ya chuma ile ya kusugulia sufuria, mbele ya mastiki. Lakini ni ya ndani tu. Inje inapata kutu, inalia maji mekundu ku ukuta.

mama_divine (Goma, Ndosho)

Munazungumuza mawe na mabriki, sisi wa nyumba ya mbao tufanye nini? Sima haikamate ku mbao. Niko na tiyo mbili zinapita mu mbao, mbao inavimba wakati wa mvua na inajikaza kiangazi, nimeweka silikoni inafunguka kila mwaka.

fundi_mawe

Ku mbao, mama Divine, dawa iko ku kina-manamba wa pikipiki. Tafuta mupira wa ndani wa pikipiki, ule uliochoka, wanakupa bure ao kwa franka kidogo. Kata kipande cha mraba, kikubwa kuliko tundu kwa vidole vitatu kila upande. Katikati kata tundu ndogo kuliko tiyo, kama theluthi mbili ya upana wake. Tiyo ya 50, tundu ya 33 hivi. Tumia kipimo, chora na kalamu, kata na wembe kwa muviringo muzuri, ju kona yoyote itapasuka ukivuta. Paka maji ya sabuni ku tiyo, vuta mupira juu yake kama soksi, mpaka uguse mbao. Utaona mupira unajikunja kidogo kuzunguka tiyo, umeikamata pande zote bila kole yoyote.

Sasa kata pete ya tripleksi ao kipande cha njanja, ipige juu ya mupira na vise, si misumari. Mbele ya kufunga, weka mustari wa mastiki kati ya mupira na mbao, juu na pande mbili. CHINI USIWEKE. Acha chini wazi kidogo, kama milimita mbili, ili maji yakiingia kwa bahati mbaya yapate pa kutoka. Ukifunga chini unaloweka mbao yako mwenyewe mpaka ioze. Mbao ikivimba ao ikijikaza mupira unafuata. Tiyo ikivimba mupira unafuata. Ukiwa na rangi, paka ku mupira, ju jua linaupasua kisha miaka michache.

mama_divine

Ile ya mupira sikuwahi kuisikia. Kijana wangu ni wa pikipiki, leo jioni ananiletea.

kivu_poa

Haya fundi, umeshinda, povu yangu nitaifunika. Lakini tujibu ile ya mama mukwe wa Nyota. Si vibaya kuacha hewa kidogo, hasa sisi tunaopikia makala.

bahati_ulpgl (Goma)

Hapa niingilie ju ni mambo ya uhai. Makala ikiwaka inatoa gesi isiyonuka, isiyoonekana, monoksidi ya kaboni, na inaua mtu akiwa usingizini. Hiyo ni kweli na mama mukwe hana kosa kuogopa. Lakini tundu la tiyo haliwezi kukusaidia. Tundu la sentimetre 5 kwa 5 ni sentimetre 25 za mraba. Dirisha dogo la 60 kwa 60 ni 3,600. Ni mara 144. Mtu anayelala na babula (jiko la makala) ndani akitegemea ile tundu chini ya evye anajidanganya. Babula inatoka inje, ao inakaa mu jiko lenye madirisha mawili yanayotazamana. Kama mnataka hewa ya kudumu, tengenezeni tundu la hewa juu ya ukuta karibu na paa, na wavu wa mbu. Halafu zibeni matiyo.

Na kuna kitu ambacho wa Lubumbashi hawana: mazuku. Kwa sisi tunaokaa pande za Keshero, Bulengo, kuelekea Lac Vert mpaka Sake, gesi ya dioksidi ya kaboni, si ile ya makala, inatoka mu udongo wenyewe, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, inakaa mu mabonde na fasi za chini, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo umelala. Mbuzi anakufa, mtoto anayelala chini anaweza kufa, mtu mzima aliyesimama hasikii kitu. Sasa fikiri tundu la tiyo liko wapi: chini, karibu na udongo, hasa ile ya twalete inayoingia mu jiwe. Ile hailetee hewa safi, ile inaweza kuleta kinyume chake.

mama_divine

Kwa hiyo nikiziba niko salama na mazuku?

bahati_ulpgl

Hapana mama, sitaki usome vile. Udongo wetu ni mawe yenye nyufa, gesi inaweza kupita mu pavema, mu kona, mu kila fasi. Kuziba tiyo kunapunguza mulango mmoja. Kama parsele yako iko fasi inayojulikana kuwa na mazuku, watoto wasilale chini, usijenge chumba cha chini ya udongo, na uulize wa OVG, wale wa volkano, wao ndio wanapima. Usiwashe kiberiti ao mushumaa kupima mwenyewe kwa kuinama mu shimo, ju ukiona moto umezima kichwa chako kimeshakuwa ndani.

viye_birere

Hapo Bahati amesema. Mwaka ule tulikuwa tunakuta mbwa wamekufa asubuhi pale bonde la chini, watu wanasema ni uchawi.

ibanda_mulima (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Fundi, mawazo yako ni mazuri lakini kwetu tunajenga ku mulima. Ukuta wa nyuma uko ndani ya udongo, metre moja na nusu, na tiyo inapita mule chini. Mvua ikinyesha maji ya mulima mzima yanakuja kusukuma ule ukuta. Niliweka mastiki poliyuretani ndani kama unavyosema, mvua ya kwanza imesukumwa inje kama mudomo wa mtoto anayenuna.

fundi_mawe

Ibanda, ile ni mambo mengine. Mastiki inazuia mvua inayopita ku ukuta, haizuie maji yaliyosimama nyuma na yanasukuma. Kwako kazi ni inje. Chimba pale tiyo inaingia (wakati wa kiangazi, na usichimbe ukuta wote kwa mara moja, mulima wenu unashuka), ziba kutoka upande wa udongo, paka gudroni (lami) ku ukuta kuzunguka, halafu nyuma yake jaza changarawe badala ya udongo, na chini ya changarawe weka tiyo yenye matundu inayopeleka maji pembeni ya nyumba mpaka mu karavati. Maji yakipata njia nyepesi hayatasukuma ukuta wako.

Kama mvua iko inanyesha leo na maji yanaruka ndani, kuko sima ya kukauka haraka, inakamata mu dakika chache hata maji yakiwa yanatoka. Unaifanya kama tonge mu mukono, ikianza kupata moto unaisukuma mu tundu na unashika mpaka igande. Vaa gants. Ile ni ya kuokoa usiku, kiangazi urudi kuchimba.

ibanda_mulima

Kuchimba nyuma ni ku parsele ya jirani. Tutaonana na jirani kwanza.

fundi_mawe

Aksanti kwa kusema. Enda na kitu mu mukono.

mwana_lshi

Na kamba za umeme? Huku kwetu kamba ya SNEL inaingia juu ya mulango na maji inafuata kamba mpaka mu kompteri. Niliona mara moja, niliogopa.

fundi_mawe

Tundu ya kamba inainamishwa kuelekea inje, kama ya tiyo. Na mbele kamba haijaingia mu ukuta, iache ishuke chini ya tundu kidogo halafu ipande tena kuingia, iwe na tumbo. Tone la maji likifika ku tumbo linaanguka chini, halipande. Ukuta uliozibwa vizuri na kamba inayoshuka moja kwa moja kuelekea ndani, bado utaletea maji. Lakini mambo ya kompteri usiguse wewe, ita wenye kazi yao, na umeme ukatwe kwanza.

Mwenye tiyo ya gazi ya chupa naye nimukumbushe: ile inapita mu furo yake peke yake, hakuna kiungo ndani ya ukuta, na furo inazibwa upande wa NDANI peke yake. Upande wa inje unabakia wazi, na wavu wa wadudu. Gazi ikivuja mu ukuta itoke inje, isirudi jikoni.

nyota_katindo

Nimerudi na habari. Tumeanza na ya evye. Tulipotoa gunia, nyuma yake kulikuwa nyumba ya panya, karatasi za shule, mafumba ya maharagi, hata kipande cha soksi ya mtoto. Mume wangu amepima na nivo, tiyo ilikuwa inashukia ndani kidogo, akaishusha inje. Furo tumepasua na kuivalisha vile fundi alisema, muchanga umekamata vizuri sana ku kole, sikuamini. Sima imekauka. Mastiki bado, ju mvua.

Ya twalete ndiyo inanisumbua. Harufu inatoka pale pale pembeni ya tiyo. Nikiziba harufu itaisha?

fundi_mawe

Usizibe hiyo bado. Tiyo ya twalete nzima hainuke pembeni yake. Kama inanuka, kuko kiungo kinachovuja ndani ya tundu ao karibu, na ukiziba unaificha, maji machafu yataingia mu ukuta kimya kimya. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi, hata ya bilue ya kufulia, angalia kwa tochi mu tundu. Ukiona bilue inatoka pembeni, kiungo kifunguliwe na kubadilishwa. Kama ni kavu kabisa, angalia sifoni ya duchi iliyo karibu, ikikaa bila kutumika maji yake yanakauka na harufu ya fosi (shimo la maji machafu) inapanda.

nyota_katindo

Bilue imetoka. Kidogo, chini ya kiungo, upande wa jiwe.

fundi_mawe

Basi umejibiwa. Badilisha kiungo, tumia twalete siku kadhaa, mwaga bilue tena. Ikibakia kavu ndipo uvalishe furo.

viye_birere

Fundi, ile mastiki ya poliyuretani, Birere wanaiuza? Nauliza tu.

fundi_mawe

Kuko, muzee, kenkayeri za pale karibu na soko, uliza pia pistole yake ju bila pistole hautafinya kitu. Angalia tarehe ku tube, na ukiishika finya katikati na kidole. Kama ni ngumu imeshakaukia ndani, mwenye duka atakuambia ni baridi ya Goma, wewe mwambie akuletee nyingine.

viye_birere

Ni ya jirani. Si yangu.

mama_divine

Jirani yupi 😂